Si Kila Somo Lafaa Kufunzwa Mtandaoni

Tangu shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya maradhi ya Korona, imeenea imani kwamba lolote lifundishwalo darasani laweza kufundishwa kwa intaneti. Imani hiyo yafaa kupimwa, hasa pale ambapo kosa la mwanafunzi halisahihishwi kwa kalamu nyekundu bali hulipwa kwa uhai.

Tuchukue mfano wa Osiri, katika eneo la Nyatike, Kaunti ya Migori, ambako wachimbaji wadogo huchimba dhahabu. Mchimbaji huyo ahitaji mafunzo ya aina tatu. Kwanza, aijue Sheria ya Madini ya mwaka 2016, inayomwezesha kuomba kibali. Pili, afahamu kwamba zebaki inapochomwa ili dhahabu ibaki peke yake, mvuke wake huingia mapafuni na kudhuru ubongo na figo. Tatu, ajue kuegemeza kuta za shimo kwa miti, na kugonga mwamba ili asikie kama ni imara au umelegea.

Mambo mawili ya kwanza yanafaa mtandaoni. Yaweza kuelezwa kwa Kidholuo, yakasikilizwa simuni jioni na kurudiwa mara nyingi. La tatu halifai. Picha itamwonyesha mti uliosimikwa, lakini haitamwambia kwamba wake umesimikwa vibaya. Hapo pana haja ya fundi kusimama kando yake. Vivyo hivyo kwa mvuvi wa Homa Bay: utabiri wa hali ya hewa husomeka simuni, bali kuogelea hufunzwa majini.

Msomaji atauliza: Je, maskini ambaye hawezi kuacha kibarua chake ili aende chuoni, afanyeje? Swali hilo ni la haki, na jibu lake tunalo hapa nchini. Mwaka 2005 shirika la AMREF, likishirikiana na Baraza la Wauguzi la Kenya, lilianza kuwaendeleza kwa kompyuta wauguzi wenye cheti ili wapate stashahada bila kuacha kazi. Nadharia waliisoma kwenye kompyuta, na mazoezi waliyafanya hospitalini chini ya usimamizi. Mtandao haukuchukua nafasi ya wodi.

Basi walimu, kabla ya kupeleka somo mtandaoni, tujiulize maswali mawili. Je, kosa la mwanafunzi litaonekana katika majibu yake? Na asipofahamu, ni nani atakayeumia? Yanayoweza kupita mtandaoni na yapite, ili fedha na muda unaookolewa umlipe fundi atakayeshuka shimoni pamoja na mwanafunzi. Nanyi wanafunzi, msiridhike na cheti ambacho mikono yenu haiwezi kukitetea. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Lakini hata kuvukuta hakuwezekani bila kukikaribia kiwanda.