Kumtafuta Bata wa Maccoa: Kutoka Kariobangi hadi Mabwawa ya Ruai

Kariobangi inapotajwa, aghalabu watu hufikiria karakana za vyuma, matatu na msongamano wa makazi. Ni nadra mtu kuufikiria mtaa huu kama mwanzo wa safari ya kutazama ndege. Hata hivyo, Kariobangi ina kituo cha kusafishia majitaka kando ya Mto Nairobi, na mtu akielekea mashariki kwa Barabara ya Kangundo hufikia mabwawa makubwa zaidi ya majitaka ya jiji. Mabwawa hayo huitwa ya Dandora ijapokuwa yako Ruai, nayo huhesabiwa miongoni mwa maeneo muhimu ya ndege nchini Kenya. Kuyaingia huhitaji idhini ya wasimamizi.

Mmoja wa ndege wanaotafutwa sana huko ni bata wa maccoa, ambaye wanasayansi humwita Oxyura maccoa. Makao yake ni mashariki na kusini mwa Afrika, na ni miongoni mwa ndege walio katika hatari ya kutoweka duniani. Wakati wa kuzaana, dume huwa na kichwa cheusi, mwili wa hudhurungi na mdomo wa buluu. Jike ni wa kahawia, mwenye mstari mweupe chini ya jicho.

Mbona basi ni vigumu kumwona? Sababu kuu ni namna anavyojilisha. Bata huyu huzamia hadi kwenye tope kutafuta mabuu ya wadudu, hivyo darubini inapopita huenda yumo chini ya maji. Isitoshe, kati ya Oktoba na Aprili mabata wahamiaji kutoka Ulaya na Asia huongezeka, naye hupotea kati yao. Mtazamaji stadi husimama mahali pamoja jua likiwa mgongoni, huligawa bwawa vipande, kisha hurudia kila kipande akiangalia mkia mgumu ulioinuka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Utafutaji huu si burudani tu. Majitaka ya nyumbani hurutubisha mwani na wadudu, nao wadudu humlisha bata. Lakini kemikali na metali zinazomwagwa katika mifereji hutuama katika tope lilo hilo analolichakura. Kwa hiyo, kinachomwagwa mtaani chaweza kumfikia ndege ambaye aliyekimwaga hajapata kumwona.

Ndiyo maana mtazamaji makini huandika tarehe, saa na idadi, hata idadi hiyo ikiwa sufuri. Sufuri ya asubuhi moja haithibitishi kwamba bata hayupo. Pengine alikuwa amezama. Sufuri ya miaka mfululizo ndiyo inayopaswa kuutia mji wasiwasi, na haiwezi kujulikana iwapo hakuna aliyeiandika.