Soko Likifunguliwa, Mizani Hushikwa na Nani?



Katika mikutano yetu hazikosekani sauti mbili. Mmoja husema, "Karafuu ni zetu, tuachwe tuuze kwa tumtakaye." Wa pili hujibu kwamba Shirika la ZSTC, ambalo tangu mwaka 1968 ndilo limekuwa likinunua karafuu zetu, ni kinga ya mnyonge. Kila mmoja ana haki yake. Lakini kabla ya kuendelea kubishana, yafaa tuwatazame wenzetu waliokwisha kuipita njia hiyo, nao ni wakulima wa korosho wa Mtwara.

Twachagua upande wa Kilambo kwa sababu maalum. Kilambo iko kusini mwa mji wa Mtwara, ni kivuko cha Mto Ruvuma kwenda Msumbiji. Wamakonde wapo ng'ambo zote mbili, na mkorosho umeota ng'ambo zote mbili. Kadhalika siasa ya ujamaa ilifika pande zote mbili: kwetu kwa Azimio la Arusha la Februari 1967, na kwao mwaka 1977, chama cha FRELIMO kilipotangaza kuzifuata nyayo za Marx na Lenin. Pande zote mbili, tena, siasa hiyo ilikoma kwa wakati mmoja au karibu yake.

Tuanze na maisha ya enzi hiyo. Mwaka 1973 serikali ilitoa amri kwamba watu wote wa mashamba wakae vijijini kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Watu wakahamishwa, lakini mikorosho haikuhamishika. Mwenye mkarafuu hahitaji kuelezwa maana yake: shamba lisilopaliliwa hugeuka mwitu. Ukaja na ugonjwa wa ubwiriunga, na bei ikawa ndogo. Basi korosho zilizofikia kiasi cha tani 145,000 katika msimu wa 1973/74 zikashuka hata chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Vyama vya ushirika navyo vilifutwa mwaka 1976, na havikurudishwa kwa sheria mpaka mwaka 1982.

Tena palikuwa na jambo lililouma kila siku, nalo ni duka tupu. Baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979, sabuni, sukari, mafuta ya taa na kitambaa vilikuwa vitu vya foleni. Mtu akiuza korosho zake akapata fedha, atanunua nini? Wengi waliona heri kulima muhogo wa kula kuliko korosho ya kuuza. Ng'ambo ya mto hali ilikuwa mbaya zaidi, maana juu ya uhaba kulikuwa na vita vya RENAMO, na watu walivuka Ruvuma kukimbilia upande wetu.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1984 serikali iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni alete bidhaa. Mwaka 1985 akaingia Rais Ali Hassan Mwinyi, ambaye watu walimwita Mzee Ruksa. Mitumba ikajaa, sabuni ikaonekana, na watu wakavaa. Februari 1991, hapa hapa kisiwani Unguja, Halmashauri Kuu ya CCM ilitoa Azimio la Zanzibar, na viongozi wakaruhusiwa kuwa na hisa na kupangisha nyumba. Msumbiji nako FRELIMO iliiacha siasa yake ya zamani mwaka 1989, na amani ikatiwa saini Oktoba 1992.

Katika msimu wa 1991/92 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kununua korosho Mtwara. Tuseme kweli: wakulima walifurahi. Walilipwa fedha mkononi, wakanunua salfa ya kuua ubwiriunga, wakayarudia mashamba, na mavuno yakapanda tena.

Lakini miaka hiyo hiyo mwananchi alianza kutakiwa kuchangia matibabu na skuli. Zamani alikuwa na fedha asione cha kununua. Sasa vitu tele, naye hana fedha mpaka mavuno. Mtoto akiugua mwezi wa njaa, mchuuzi yupo mlangoni. Hapo ndipo lilipoenea neno la kangomba: korosho kununuliwa kwa kipimo cha kopo pasipo mizani, au kulipiwa kwa bei duni zingali mtini. Wanachama wanaouza karafuu changa wakalipwa kabla ya kuchuma wameijua habari hii bila kufika Mtwara. Na wazee wetu waliona mashamba yakiwekwa rahani kwa mtindo huo huo.

Ng'ambo ya Ruvuma somo lilikuwa kali zaidi. Katika miaka ya 1990 Msumbiji, kwa shauri la Benki ya Dunia, ilipunguza ushuru wa korosho ghafi. Korosho zikapakiwa kwenda India, viwanda vya kubangua vikafungwa, na maelfu ya wafanyakazi wakakosa kazi.

Kwa ajili ya kangomba, msimu wa 2007/08 ulianzishwa utaratibu wa stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka korosho kwenye chama cha msingi, zikapimwa, zikahifadhiwa, kisha zikauzwa kwa mnada. Bei ilipanda, lakini malipo mara nyingine yalichelewa. Aprili 2013 huko Liwale, mkoa wa Lindi, nyumba zilichomwa moto kwa ugomvi wa malipo ya korosho. Mwaka 2018 wakulima walizikataa bei za mnada zilizokuwa chini ya shilingi 3,000 kwa kilo, na Novemba Rais Magufuli akaamuru serikali izinunue kwa shilingi 3,300, jeshi likizisomba. Kwa hiyo hata mnada una siku zake mbaya.

Basi twajifunza nini? Kwamba "serikali au mfanyabiashara" si swali lote. Yako maswali matatu yaliyo karibu zaidi na mfuko wa mkulima. La kwanza, mizani imeshikwa na nani, na nani huikagua? La pili, fedha hulipwa siku gani? La tatu, mkulima akiwa na shida kabla ya mavuno, atakopa kwa nani? Asiye na jibu la swali la tatu hana uhuru wa kuuza, hata soko likiwa wazi mchana na usiku. Na mwenye mnunuzi mmoja tu asiye na jibu la swali la pili, naye hana kinga.

Twaomba kila tawi lizungumze maswali haya matatu kabla ya msimu, na hasa la mkopo wa kuchumia, maana vibarua hawangoji na pishi lazima zilipwe jioni. Wajumbe walete majibu kwa maandishi katika mkutano mkuu. Wenzetu wa Mtwara wameyatafuta majibu hayo zaidi ya miaka 30, kwa gharama kubwa. Sisi tunayo nafasi ya kuyatafuta kabla ya kugharimika.