Ngazi za Odesa: Filamu ilivyoipiku historia

Kigari chenye mtoto mchanga kinaporomoka kwenye ngazi. Mama yake ameshapigwa risasi, na askari wanateremka kwa mstari huku wakifyatua bunduki. Hivyo ndivyo ulimwengu unavyozijua ngazi za Odesa, Ukraine, tangu Sergei Eisenstein alipotengeneza filamu ya Battleship Potemkin mwaka 1925. Mauaji hayo hayakutokea pale.

Damu ilimwagika kweli, lakini kwingineko. Juni 1905, mabaharia wa meli ya kivita Potemkin waligoma kula nyama yenye funza, wakaasi na kutia nanga Odesa, mji uliokuwa tayari umewaka migomo. Usiku, askari wa mfalme wa Urusi waliufyatulia risasi umati uliokusanyika bandarini. Mamia walikufa. Eisenstein aliyahamishia mauaji kwenye ngazi, tena mchana kweupe.

Ngazi zenyewe zilijengwa kwa haja ya kawaida kabisa. Odesa uko juu ya genge, bandari iko chini. Kati ya 1837 na 1841, enzi za gavana Mikhail Vorontsov, mji ukaunganishwa na bahari kwa vidato 200 vilivyosanifiwa na Francesco Boffo. Leo vimebaki 192, kwani vinane vilifukiwa bandari ilipopanuliwa.

Boffo alikuwa fundi wa kuchezea macho. Juu, ngazi zina upana wa takriban mita 13. Chini, karibu 22. Anayesimama chini huziona ndefu kuliko zilivyo, na huona vidato vitupu. Anayetazama kutoka juu haoni kidato hata kimoja, ila zile sehemu tambarare za kupumzikia.

Mawe ya awali, yaliyoletwa kutoka Trieste, yalilika, na mwaka 1933 yakabadilishwa kwa matale. Mwaka 1955 serikali ya Kisovieti ikazipa ngazi jina la Potemkin, uasi wa mabaharia ulipotimiza miaka 50.

Uvamizi wa Urusi wa 2022 ulipoanza, sanamu ya Duke de Richelieu, gavana wa zamani wa mji, iliyo juu ya ngazi ilifunikwa kwa magunia ya mchanga. Januari 2023, UNESCO iliuorodhesha mji mkongwe wa Odesa kuwa urithi wa dunia ulio hatarini.

Filamu ya Eisenstein inastahili sifa zake zote kama sanaa. Kama ushahidi, haifai. Waliouawa mwaka 1905 wanastahili kukumbukwa pale walipoangukia: bandarini.