Kioo Kipya na Picha Iliyofifia: Maelezo Kuhusu Luninga za Dijitali

Wapo wananchi waliouza luninga zao za zamani wakanunua za kisasa zenye vioo vipana, na walipoziwasha wakaona picha imefifia kuliko ile waliyoizoea. Baadhi yao hurejesha chombo dukani wakidhani wameuziwa kibovu, wengine humlipa fundi akafungua chombo kisichokuwa na ubovu wowote, na wapo wanaokilaumu kituo cha utangazaji. Kwa kuwa afisi za Serikali, skuli na hospitali nazo hununua vyombo hivi kwa fedha za umma, imeonekana vyema jambo hili lielezwe kwa urefu.

Luninga ya zamani, ile ya kichogo, ilichora picha kwa mistari. Mfumo wa PAL, uliotumika Zanzibar tangu Televisheni Zanzibar ilipoanza kurusha picha za rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970 (wakati ambapo Tanzania Bara haikuwa bado na kituo chochote cha televisheni), ulikuwa na mistari 625, na kati ya hiyo ni 576 tu iliyobeba picha yenyewe. Chombo kilipokea mstari na kuuchora kama ulivyokuja, bila ya kuufanyia hesabu yoyote.

Luninga bapa haifanyi hivyo. Kioo chake hutoka kiwandani kikiwa na nukta zilizohesabiwa, zisizoongezeka wala kupungua, na kila nukta lazima ipewe rangi yake muda wote picha inapoonekana. Kioo kinachoitwa Full HD kina nukta 1,920 kwa mapana na 1,080 kwa kimo, jumla yake 2,073,600. Cha 4K kina 3,840 kwa 2,160, yaani 8,294,400. Vile vya bei nafuu vilivyoandikwa HD Ready mara nyingi huwa na 1,366 kwa 768. Ama matangazo ya kiwango cha kawaida, yanayojulikana kwa herufi SD, yameirithi mistari ile ile ya PAL: ni nukta 720 kwa 576, jumla 414,720. Msomaji akigawa ataona kwamba Full HD ni mara 5 ya hesabu hiyo, na 4K ni mara 20.

Hivyo basi, matangazo ya SD yanapofika katika kioo cha 4K, kila nukta 1 iliyotumwa na kituo inatakiwa kujaza nafasi ya 20. Hizo 19 nyengine hazikutumwa na mtu. Luninga yenyewe huzikadiria. Ndani yake mna kompyuta ndogo inayotazama nukta mbili jirani na kubuni rangi ya katikati. Pakiwa na nyeupe huku na nyeusi kule, hutia kijivu baina yao, na hapo ndipo ukingo wa uso au wa herufi unapolainika. Ni mfano wa kuikuza picha ya pasipoti hadi itoshe ukuta: sura itabaki ni ya mwenyewe, lakini kope hazitahesabika, kwa kuwa hazikuwemo tangu awali. Hakuna luninga, iwe ya bei gani, inayoweza kurejesha kitu ambacho kamera au kituo hakikukileta. Inapokuwa kinyume chake, yaani matangazo ya HD yakafika katika kioo chenye nukta chache, chombo huzipunguza tu, na hasara yake si kubwa.

Kazi nyengine ya kompyuta hiyo ni kuunganisha nusu za picha. Matangazo mengi bado hutumwa kwa mistari ya witiri kwanza na ya shufwa baadaye, nusu 50 kwa kila sekunde. Luninga ya kichogo ilizichora kwa zamu, na jicho likaziunganisha. Kioo bapa huonesha picha nzima kwa pamoja, kwa hiyo lazima kizifume nusu mbili ambazo hazikupigwa kwa wakati mmoja. Mchezaji wa mpira anayekimbia huwa ameshasogea baina ya nusu ya kwanza na ya pili, na kazi ikifanywa vibaya ukingo wa mwili wake hutoka meno kama ya kitana. Hii ndiyo sababu luninga mbili zenye ukubwa mmoja na nukta sawa zinaweza kukionesha kituo kimoja kwa namna mbili.

Umbo nalo lina matata yake. Vipindi vya zamani vilipigwa kwa uwiano wa 4 kwa 3, na vioo vya leo ni 16 kwa 9. Luninga ikiamriwa ijaze kioo chote, huivuta picha kwa mapana, na watu wote huonekana wafupi na wanene. Vipande vyeusi vya kushoto na kulia si ubovu. Ndivyo inavyopasa kuwa. Nyumbani kwake, mtu ana hiari ya kumnenepesha msomaji wa habari akipenda. Skulini haifai, maana duara katika somo la hesabu litakuwa yai. Kitufe cha kurekebisha umbo kimo katika rimoti au katika orodha ya mipangilio.

Kosa linalogharimu zaidi, nalo ni jepesi kulirekebisha, liko katika waya. King'amuzi cha HD kikiunganishwa na luninga ya HD kwa waya wenye vichwa vya manjano, nyekundu na nyeupe, picha itakayopita ni ya SD tu, kwa kuwa kichwa cha manjano hakikuundwa kubeba zaidi ya hapo. Utumike waya wa HDMI. Kisha mipangilio ya king'amuzi ikaguliwe, kwani kinaweza kuwa kimewekwa kutoa mistari 576, na mwenyewe akaendelea kulipia vituo vya HD asivyoviona.

Ifahamike pia kwamba mawimbi hafifu ya dijitali hayafifishi picha. Huivunja vipande vya mraba, huigandisha, sauti hukatika, kisha kila kitu hupotea. Anayeona vipande hivyo aitazame antena na viungo vya waya, ambavyo hewa ya chumvi ya pwani huvila upesi. Anayeona picha iliyotulia lakini imelainika asipande juu ya paa.

Kuhusu ununuzi, kigezo muhimu ni umbali wa kukaa. Kwa matangazo ya SD, mtazamaji hukaa vizuri kwa umbali wa takriban mara 6 ya kimo cha kioo. Kwa HD mara 3 hutosha. Kioo cha inchi 32 kina kimo cha kiasi cha sentimita 40, hivyo SD huonekana safi kuanzia mita 2.4. Cha inchi 55 kina sentimita 68 hivi, nacho hudai zaidi ya mita 4. Chumba cha wageni chenye urefu wa mita 3 kinachoonesha vituo vya SD kitapata picha nzuri zaidi kwa kile kidogo, na kwa bei ndogo. Afisa anayeandaa maombi ya ununuzi anashauriwa aupime ukuta na viti kabla ya kutaja inchi, na aeleze katika maombi kama chombo kiwe na kipokezi cha dijitali ndani yake au kitatumia king'amuzi, kwani neno HD lililobandikwa juu ya kioo linahusu nukta peke yake.