Urithi na Umiliki katika Objekti za Programu

Lugha ya Simula 67, iliyobuniwa nchini Norwei na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, ilijenga programu kwa objekti, yaani sehemu zinazobeba data pamoja na kazi zinazofanywa juu ya data hiyo, kila moja ikiundwa kwa kielelezo kiitwacho klasi. Ugumu kwa wanaoanza kujifunza huwa katika kutambua uhusiano wa objekti hizo. Katika programu ya maktaba, kamusi ni aina ya kitabu, hivyo klasi yake hurithi sifa za klasi ya kitabu. Mwanachama, ambaye si aina ya kitabu, hukiazima tu, na rekodi yake hubaki hata kitabu kikifutwa, ilhali sura za kitabu, zinazomilikiwa nacho, hufutika pamoja nacho. Urithi huwavutia wanafunzi kupita kiasi (na mifano ya vitabu vya kiada ina lawama yake), ingawa badiliko dogo katika klasi mzazi laweza kuvuruga klasi zote zinazoirithi. Ndiyo maana kitabu cha Design Patterns, kilichotolewa na Gamma na wenzake watatu mwaka 1994, kilipendekeza kuunganisha objekti kuliko kurithisha klasi.