Kitundu cha RESET Kinafuta Nini?

Saa mbili asubuhi, msimu wa maombi ya vyuo, kijana anayeniangalizia duka la steshenari alinipigia simu. "Shikamoo mama. Mtandao umekata, na watu wamejaa wanataka kuprinti fomu. Nimeiwasha upya ruta lakini bado."

Nilipofika nikaona alichokiita kuwasha upya. Alikuwa amenyoosha kibanio cha karatasi, akakipenyeza kwenye kitundu kilichoandikwa RESET mgongoni mwa ruta, akashikilia mpaka taa zote zikazima na kuwaka tena. Waifai ilirudi na jina tusilolijua. Intaneti haikurudi. Tulikaa hadi jioni tukimsubiri fundi wa kampuni aje kuingiza upya jina la akaunti yetu na neno lake la siri, huku wateja wakihamia duka la jirani.

Yule kijana ni mwangalifu kuliko wengi niliofanya nao kazi. Ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ruta ina kumbukumbu zaidi ya moja, na kwamba si kila tundu linafika kwenye kumbukumbu ile ile.

Tundu la umeme linagusa ile yenye maisha mafupi. Ruta ni kompyuta kamili, ndogo tu: ina prosesa, ina kumbukumbu ya kufanyia kazi, ina chipu ya flashi ya kuhifadhia. Orodha ya simu zilizounganishwa, data iliyo njiani, programu iliyokwama, vyote hukaa kwenye kumbukumbu ya kazi, na vyote hufa umeme ukikatika. Ndiyo maana kuchomoa waya, kungoja nusu dakika na kuchomeka tena hutibu mengi bila kupoteza mpangilio wowote. (Tumia adapta yake yenyewe. Pini ya duara ya adapta ya volti 12 inaweza kuingia vizuri kabisa kwenye ruta ya volti 5, ikaiunguza.)

Ndani ya kitundu cha RESET kuna swichi ndogo isiyokata umeme hata kidogo. Katika muundo uliozoeleka, mguu mmoja wa prosesa hushikiliwa kwenye volti 3.3, ukibonyeza, unashuka hadi sifuri, basi. Programu ya ruta ndiyo inayoutazama mguu huo na kuhesabu muda. Hata huo mbonyezo hauaminiwi papo hapo, kwa sababu vyuma viwili vikigusana hudundadunda kwa milisekunde chache, na programu husubiri vitulie. Ukiachia mapema, ruta nyingi hujiwasha upya tu au hazifanyi kitu. Ukishikilia kama sekunde 10, ruta inachukulia kwamba umekusudia, na inafuta sehemu ya flashi yenye mipangilio yako: jina la waifai, nywila, akaunti ya mtoa huduma. Mfumo wenyewe unaoiendesha ruta hauguswi. Na lile neno la siri la kiwandani, lililochapishwa kwenye kibandiko chini yake, linarudi kazini. Kwa hiyo yeyote mwenye pini na mkono unaofika ndiye mwenye ruta. Ipandishe juu ukutani, mbali na benchi la wateja.

Kuna siku dunia nzima ilihitaji kujua tofauti hii ya kukata umeme na kubonyeza RESET. Mei 2018, watafiti wa Talos, kitengo cha usalama cha kampuni ya Cisco, walitangaza kwamba programu haribifu waliyoiita VPNFilter imeingia kwenye ruta na vifaa vingine vya mtandao visivyopungua 500,000 katika nchi zipatazo 54. FBI ya Marekani ikawaomba watu wawashe upya ruta zao. Ushauri ulifaa, lakini haukumaliza kazi, maana VPNFilter ilijengwa kwa ngazi. Ngazi za juu, zilizochungulia data na kuweza hata kuiua ruta, ziliishi kwenye kumbukumbu ya kazi na zilikufa pamoja na umeme. Ngazi ya kwanza ilikuwa imejiandika kwenye hifadhi ya kudumu. Ruta ikiwaka, nayo inaamka na kujaribu kuwaita wenzake. Dawa yake ilikuwa kurudisha ruta katika hali ya kiwandani, kwa kitundu kile kile kilichotupotezea siku dukani.

Matundu ya mraba ya kebo nitayapitia haraka. Lile la WAN, linaloingiza intaneti kutoka nje na ambalo mara nyingi hupewa rangi yake, huonekana kama mlango wa aina ya pekee. Lakini katika ruta nyingi liko kwenye chipu moja na yale ya LAN, ya kompyuta za ndani, na mpaka kati yao umechorwa na programu tu.

Tundu la laini ya simu (SIM), kwenye ruta zinazoitumia, ndilo lililonivutia zaidi. Laini za kwanza zilitengenezwa mwaka 1991 na Giesecke & Devrient ya Munich, kwa mtandao wa Radiolinja wa Finland, zikiwa na ukubwa wa kadi ya benki. Nano ya leo ina milimita 12.3 kwa 8.8, lakini bado ni kompyuta yenye prosesa na kumbukumbu yake. Humo mna ufunguo wa siri usiotoka kamwe. Mtandao hutuma namba, laini huikokotoa kwa ufunguo ule na kurudisha jibu. Ruta ni tarishi tu.

Baada ya mkasa ule nilinunua ruta ya laini iwe ya akiba. Kijana aliomba kuijaribu kabla hatujaitegemea, akachukua kibanio, akabonyeza RESET hadi taa zikazima. Jina la waifai lilibadilika, nywila ikarudi ya kibandiko, na dakika mbili baadaye intaneti ilikuwa hewani. Akanitazama. "Mama, hii mbona haijasahau?" Nikafungua kifuniko, nikaichomoa laini na kuiweka kiganjani mwake.