Si Kila Kahawia ni Ugonjwa

Mteja akirudi kitaluni na chungu cha kangaga, huwa nimeshajua atakalosema: "Mama, ua lako limeshikwa na wadudu." Anageuza jani na kunionyesha madoa ya kahawia yaliyojipanga mistari miwili, kushoto na kulia. Hapo mimi hufurahi. Wadudu gani hao wanaojua kukaa foleni?

Kangaga haitoi maua wala mbegu. Madoa yale ni vifuko vya vumbi laini la uzazi. Vumbi likitua penye unyevu, huota kwanza kitu bapa cha kijani, kidogo kuliko ukucha. Upande wake wa chini chembe za kiume huogelea kulifuata yai, kwa hiyo bila maji hakuna mtoto. Ndiyo maana kangaga hujiotea kwenye kuta za visima na chini ya bomba linalovuja.

Kahawia nyingine ni ya kangaga ya kufunga ubaoni, ile wateja wangu wanayoiita pembe. Ina majani yanayoning'inia, na mengine ya mviringo yanayokumbatia ubao. Haya ya mviringo hukauka yakabaki palepale, na wapenda usafi huyabandua. Jamani, yaacheni! Ndiyo yanayofunika mizizi na kuhifadhi maji. Pembe ni mmea wa kwetu, humea juu ya miti katika misitu ya pwani, wala haidai udongo. Makumbi ya nazi yanaitosha, mradi yalowekwe na kumwagwa maji mara kadhaa ili chumvi itoke.

Chumvi ndiyo inayonitia wasiwasi. Ncha za majani zikiungua wakati katikati bado pabichi, nauliza kwanza: maji mnachota wapi? Hapa Dar es Salaam visima vingi vina chumvi, na kangaga nyingi haziistahimili. Kinga maji ya mvua, au masika itoe nje chini ya mti, udongo uoshwe. Mbolea ya dukani nayo ni chumvi vilevile. Mimi natumia mboji.

Kuhusu kivuli, chini ya mwembe hapana mpinzani. Jua la asubuhi lililochujwa na majani halidhuru, la saa saba linababua. Ukipanda, usizike kitovu cha mmea. Majani machanga huchomoza hapo yakiwa yamejikunja kama mkia wa kinyonga, na yakifunikwa udongo yanaoza. Wala usiyakunjue kwa kidole. Watoto huyavunja sana, ingawa kusema kweli baba zao ndio wabaya zaidi.